Muasya Mbithi, Mchongaji wa Mbotela Aliyerudishiwa Ladha

Wapendwa waombolezaji, familia imeniomba niwasomee safari ya ndugu yetu Muasya Mbithi, na kwa kuwa mwenyewe alipenda kicheko, atakayecheka asione haya.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1936 huko Wamunyu, Machakos, akasoma hadi darasa la nne, kisha akashika patasi kama babake, na mwaka 1958 akaja Nairobi, akaishi Mbotela akichonga twiga na vifaru. Tarehe 12 Desemba 1964 alifunga ndoa na Ndindi, wakajaliwa watoto wanne, kifungua mimba akiwa Mbeti.

Aprili 1979 utumbo wake ulijisokota, akapasuliwa, na kwa kuwa tumbo halikuweza kupokea chakula, akalishwa kwa mshipa katika wodi ya wagonjwa mahututi. Wiki zilivyopita kidonda kilikataa kufunga, nywele zikamtoka, ngozi ikachubuka kuzunguka mdomo, na hata chai aliyolowanishwa nayo ulimi akaiona maji matupu. Watu wakanong'ona kwamba ni mkono wa mtu, Ndindi akashauriwa amrudishe Wamunyu akafie kwao, naye akakataa katakata. Daktari Nabiswa, baada ya kupima damu, alimweleza Ndindi kwamba dripu ilikuwa na sukari, chumvi na protini lakini haina zinki, madini ambayo mwili huhitaji chembe tu, nayo ilimtoka Muasya kwa kuharisha bila kurudishwa, hivyo wangemwongezea kwa kipimo, kwa maana ikizidi nayo hudhuru.

Muasya aliposikia kwamba zinki ndiyo hiyo inayopakwa mabati, alisema kwa sauti hafifu, "Basi niezekeni, daktari, mvua inaingia."

Haikuchukua muda michubuko ya mdomo ikakauka, kidonda kikaanza kufunga, na siku alipoonjeshwa supu alikunja uso, akasema, "Ndindi, hii haina chumvi." Mkewe akaketi kitandani pale pale, akalia kwa furaha.

Tangu hapo hakuna harusi Mbotela iliyopakua kabla hajaonja, na jirani yetu Mama Fadumo hakuthubutu kuepua pilau bila ruhusa yake. Jumapili tarehe 9 Agosti 1987 moyo wake ulisimama ghafla akiwa mezani, sahani ya pili mbele yake.

Familia inawashukuru Daktari Nabiswa na wauguzi, majirani wa Mbotela na wachongaji wenzake.

Lala salama, baba Mbeti, miaka minane tuliyoongezewa nawe tuliila tukashiba.