Kupanga na Kupangua

"Tangu shule zifungwe, kazi yangu ni kupanga nyumba tu," alisema fundi cherehani, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Mzee aliyekaa naye kwenye basi, kiti cha mbele yangu, akauliza, "Mnahama?"

"Afadhali tungehama, mzee wangu, vitu vingetulia kwenye maboksi. Napanga vyombo na nguo. Mimi napanga, watoto wanapangua. Jana nimekuta kiatu ndani ya friji."

Mzee akacheka, kicheko cha mtu ambaye hajawahi kuosha hata kikombe chake. "Vumilia, mwanangu. Ndiyo kazi ya mama. Baba yao yeye anatafuta."

"Anatafuta kweli! Sebuleni anatafuta rimoti, chumbani anatafuta soksi. Na kila anachotafuta, ananiita mimi nikione."

Mzee akageukia dirishani, nadhani kuwatafutia wanaume wenzake jibu. Hakuliona, na safari hii hakuwa na wa kumwita.

Basi likapunguza mwendo. Fundi akainuka, akakiweka sawa kitenge chake. "Haya mzee wangu, nimefika. Naenda kupanga."

"Vyombo tena?"

"Chumba," akasema, akishuka. "Cha mtu mmoja."