Ukuta wa Bwalo

Sikilizeni, wanangu, ila kwanza niinueni kidogo, mto huu umenizidi kimo. Hapo hapo. Na wewe Fundi, funga mlango, mwambie shangazi yenu chai itasubiri, maana nikikatizwa sitaanza tena. Najijua. Maneno haya nimeyakwepa miaka arobaini na mitano na sijawahi kukosa kisingizio.

Ya nyumba nayamaliza upesi. Nyumba ni yenu nyote watatu, isiuzwe shangazi yenu akiwa hai, na chumba cha uani ni chake bila kuulizwa. Kabati la vitabu ni la Mwalimu, binti yangu mkubwa, aliyelijaza mwenyewe. Redio achukue Kitindamimba. Ngazi, mbao za jukwaa, rola na brashi zote ni zako, Fundi, ingawa kwa jinsi unavyoizimua rangi kwa maji ningefanya vizuri kuzikwa nazo. Cheka, na mimi nacheka, lakini wateja hawacheki.

Sasa kile cheti kilichotundikwa juu ya kabati, kishusheni. Panda kiti, Kitindamimba. Kilaze sakafuni, kioo kiangalie chini. Kirudisheni shuleni, kwa sababu nilipewa kwa kazi ambayo sikuifanya.

Wiki iliyopita alipokuja yule mlinzi wa shule mlidhani amekuja kunipa pole. Alikuja kuniambia kwamba paa la bwalo linavuja, ukuta umelowa, na karibu na dirisha la jikoni rangi nyeupe imeanza kubanduka, limetokeza jicho. Anasema watoto wa darasa la kwanza wanakula wakiwa wameligeuzia mgongo. Yeye alikuwa anacheka. Jicho lile nililichora mimi.

Mwalimu, picha ile ya ukuta wa bwalo unaijua kuliko mtu yeyote, umekula chini yake miaka saba. Weupe wamekaa mezani na vitabu vyao na ramani zao, na sisi weusi tumepangwa upande wa chini, wengine wamechorwa mikia, wengine macho yamewatoka, na wa tatu kutoka kushoto ni yule mwanamke mwenye sinia, ana midomo kama maandazi, anachekelea. Shule ya serikali, ya watoto wote, na watoto wetu wanameza chakula huku wanajiangalia pale. Ulipokuwa mtu mzima ukawakusanya wazazi, mkaandika barua, mkakaa siku tatu kwenye veranda ya ofisi ya elimu, ukatishiwa kazi yako, hukurudi nyuma, mpaka wakakubali picha iondoke. Na wa kuiondoa nikaitwa mimi.

Nilisema nifungiwe milango, nifanye peke yangu kwa sababu ya vumbi. Hakukuwa na vumbi lolote. Vumbi ni la mtu anayekwangua, na mimi sikukwangua. Niliipaka picha nzima maji ya gundi, nikaacha yakauke, ndipo nikapaka rangi nyeupe juu yake mara tatu. Fundi, naona umeinamisha kichwa, umeshaelewa. Waelezee wenzako baadaye. Ile gundi inakaa katikati, rangi ya juu haishikani na ya chini, na siku mtu akija na ndoo ya maji ya moto na sponji, nyeupe yote inabanduka na picha inatoka nzima, haijachubuka hata ukucha. Mlifunguliwa milango mkapiga makofi. Binti yangu ulilia mbele za watu, ukaniita shujaa, na mimi nikakuacha ulie.

Sikuifanya kwa kuipenda picha. Nisikilizeni hapa vizuri, sauti yangu imeanza kupungua.

Picha hiyo ilikuwepo kabla yangu. Mvuke wa jikoni uliila, na mwaka aliozaliwa Mwalimu nikaitwa niirudishie rangi. Nilikuwa kijana, fundi mdogo, na kazi kubwa namna ile nilikuwa sijawahi kupewa. Yule wa sinia alikuwa amefutika kabisa, imebaki alama ya sketi tu. Mimi siwezi kuchora mtu wa kichwani, lazima niwe na mtu. Nikamchora mama yenu. Nilimchora kama alivyo, na alikuwa amependeza, nawaambia. Mwalimu mkuu wa wakati ule akaja, akaangalia, akasema, “Huyu mbona ni mtu tu? Watoto watacheka nini?” Akatoa mfukoni kopo la dawa ya viatu lenye kichwa cha mtu mweusi kwenye kifuniko, akasema, “Kama hivi.” Na mimi nikachukua kitambaa, nikaufuta uso wa mke wangu rangi ikiwa bado mbichi, nikamchora upya kama lile kopo. Hakunishikia panga. Nilitaka kazi inayofuata.

Mama yenu alikuwa anaosha vyombo jikoni pale pale. Jumatatu akatoka na sahani mikononi, akasimama mbele ya ukuta. Nilikuwa juu ya ngazi. Alisema neno moja tu, “Mikono umeipatia.” Akaenda kuosha sahani. Jioni akatoa picha yetu ya harusi kwenye fremu, akaitia motoni ikaungua, na tangu siku hiyo hakukubali tena kupigwa picha na mtu yeyote. Miaka mitatu baadaye akafa akikuzaa wewe, Kitindamimba. Umeniuliza picha ya mama yako tangu ulipojua kusema, nikawa nakujibu kwamba zilipotea tulipohama. Hazikupotea. Ni mimi. Kwa hiyo nilipopewa ukuta niufute, mkono ulikataa, kwa sababu yeye amebaki pale tu duniani. Nikajiambia siku moja nitakupeleka, tutauosha pamoja umwone. Kisha nikawaza utakachokiona, nikaogopa.

Usitoke, Mwalimu. Nigombeze baadaye, lakini usitoke. Darasa la tatu ulirudi hutaki shule, wamekupa jina, “mtoto wa ukutani”, wanasema umefanana na yule wa sinia. Nikakuambia wajinga hao wanatuona sote sura moja. Mwanangu, ulifanana naye kwa sababu alikuwa mama yako. Nilijua, na kila asubuhi nilikufunga kamba za viatu nikakupeleka.

Maji. Kidogo. Basi, inatosha.

Kwa seremala jirani nendeni wote. Yeye ndiye aliyekataa kunijengea jukwaa la kazi ile ya kuirudishia picha rangi, akaniambia, “Watoto wetu ndio watakaokula pale.” Nikamwita mwenye wivu, sijamsalimia mpaka leo, hata alipokuja kwenye msiba wa mama yenu nilimpa kisogo. Mwambieni nimesema yeye alikuwa sahihi.

Na ukuta. Msiende kwa kujificha kama mimi. Mwambieni mwalimu mkuu wa sasa, waiteni wazazi, waelezeni nilichofanya, jina langu lisisitiriwe. Milango iwe wazi. Osheni kwa maji ya moto, picha itoke yote, ionekane mara hiyo ya mwisho, kisha mkwangue mpaka kwenye tofali. Mtu asipige picha. Wa sinia muachieni Kitindamimba.

Mwanangu, anza na uso, na usiukawilie, hakuna kitu cha mama yako pale. Midomo yake ilikuwa midogo, na akicheka alikuwa anaiziba kwa kiganja. Macho yake ni hayo ya dada yako. Ukimaliza uso, simama. Mikono sikuigusa, mwalimu mkuu hakuwa na neno na mikono. Kwenye gumba la kushoto utaona kovu la pasi. Mikono hiyo ni yake kweli. Iangalie muda wowote unaoutaka, weka yako juu yake ukipenda. Halafu na hiyo uikwangue. Usiibakize kwa mapenzi, mimi nilibakiza kwa mapenzi. Imeshika sinia.

Mungu awatunze... awape watoto wenu ukuta mtupu, wale chakula chao kwa amani. Muwe... muwe kitu kimoja. Mwalimu, bado uko mlangoni? Sawa. Usije kunishika. Skrepa yangu ya kukwangulia iko kwenye ndoo hapo karibu na miguu yako, nimeinoa wiki iliyopita, nilipokuwa bado naweza. Ichukue.

Na nikikata roho kabla... msinizike kwanza. Nisubirisheni. Ukuta kwanza.