Kofia ya Mkutubi

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi walikaa mkutubi wa maktaba ya umma, kofia mapajani, na nesi aliyekuwa bado na sare ya kazi. Wote ni wa kile kikundi kinachojadili mambo ya dunia maktabani kila Jumamosi, na nesi alikuwa amefura.

"Mzee, Jumamosi iliyopita ungeniruhusu nirudishe kile kikaratasi."

"Binti yangu, sheria ni ya wote. Upande ulioandikwa kwenye kikaratasi unachookota kofiani ndio unaoutetea."

"Niliokota upande wa wanaoupiga mabomu mji anakoishi kaka yangu! Na nilikuambia."

"Ulininong'oneza tu. Halafu ukatetea vizuri kuliko wote."

Kwa kawaida mtu akisifiwa hushukuru. Nesi alimkazia macho mpaka mzee akageukia dirisha, ingawa nje hapakuwa na cha kutazama ila ukuta.

"Mlinipigia makofi," alisema nesi. "Na mimi nikatabasamu."

"Ulikuwa mjadala tu. Hakuna aliyeumia."

Hapo hata mimi, ambaye sikuulizwa, niliguna.

"Jana kaka alinipigia simu, amejificha chini ya ngazi na watoto. Akaniuliza, huko kwenu watu wanasemaje juu yetu?"

Mkutubi alimgeukia. "Ukamjibu nini?"

Basi likasimama mbele ya maktaba. Nesi alishuka bila kugeuka, akaenda kusimama mlangoni kumngoja. Mkutubi, mwenye funguo, alibaki amekaa, ameikumbatia kofia yake.