Simeon Machuki Okemwa na Platuni ya Pili

Marehemu Simeon Machuki Okemwa alizaliwa mwaka wa 1918 karibu na Tabaka, Kisii, mtoto wa tatu wa Mzee Okemwa, mchonga mawe ya sabuni. Mwezi haukuandikwa. Mama yake alisema tu ilikuwa wakati wa kupalilia wimbi, na alilia siku nzima mpaka alipopewa kipande cha jiwe akakishika.

Alisoma katika shule ya misheni ya Wasabato kuanzia mwaka wa 1929 hadi darasa la nne, 1934. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu, na mwalimu mwenyewe alikuwa akimwita aje kuandika ubaoni. Karo ilipokosekana alitoka, lakini mwandiko alitoka nao. Alikwenda Oyugis akaanza kuwaandikia wenye maduka majina yao juu ya milango. Watu wa Oyugis wa wakati ule bado wanajua neno "HOTELI" lililokuwa na herufi kubwa kama dirisha.

Mwaka wa 1941 aliingia Keya, jeshi la Waingereza. Kwa imani yake hakukubali kushika bunduki, akapewa machela. Alibeba majeruhi miaka mitano, Abisinia na baadaye Burma, akarudi mwaka wa 1946 akiwa mzima isipokuwa bega la kulia.

Tarehe 9 Novemba 1947 alifunga ndoa na Priscilla Nyamoita. Walikaa Oyugis, kisha Homa Bay kuanzia 1952, ambako aliandika majina kwenye mashua za wavuvi. Mwaka wa 1959 walinunua shamba hapa Suna, Migori, na hapa ndipo tulipo leo. Kazi yake iliyojulikana zaidi ni vibao vya hatari kwenye mashimo ya dhahabu ya Masara. Alikuwa akisema mtu aliyebeba gunia la mawe kichwani hasimami kusoma, kwa hiyo kibao lazima kimfikie yeye mwenyewe akiwa bado mbali.

Wengi hapa mnajua pia habari ya askari wake wadogo. Wengine mlicheka. Ni vizuri ielezwe yote, kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya kwa nguvu zake za mwisho.

Huko Burma mwaka wa 1944 kombania yake ilipigwa kwenye kivuko cha mto. Watu kumi na tisa walikufa pale kivukoni. Platuni ya pili ilikuwa imewekwa juu ya kilima kulinda kivuko hicho, na mmoja wao alikuwa Ryoba Maroa, Mkuria, rafiki wa marehemu. Ryoba hakurudi. Mwaka wa 1946 Sajini Werema Masese, wa kombania ile ile, alikwenda matangani kwa Ryoba, akasema mbele ya watu wote kwamba platuni ya pili ilikimbia, kwamba yeye akiwa kivukoni aligeuka akaona kilima kitupu. Tangu siku hiyo Matiko, mjane wa Ryoba, hakuchota maji kisimani bila kusikia neno. Wanawe walipokwenda kuposa waliulizwa kama na wao wana miguu myepesi.

Marehemu alijua si kweli. Alikuwa amepanda kilima kile na machela, akashusha majeruhi wanne. Alipomwambia Sajini, alijibiwa, "Wewe hukuwa na bunduki. Ungejua nini kuhusu vita?"

Miaka ikapita hivyo. Mwaka wa 1963 aliwaita wazee wa Keya waliobaki, wanane, nyumbani kwake, wapange vita vile chini kama alivyomwona ofisa mmoja mgonjwa akifanya hospitalini Burma. Ofisa yule alikuwa na vijiti na dadu, na kila upande ulisogea kwa kipimo cha uzi. Marehemu alitandaza ngozi ya ng'ombe, akaweka mahindi kwa askari wetu na maharagwe kwa adui. Haikuchukua muda wakaanza kubishana.

"Hii ni mimi au ni wewe?" aliuliza mmoja.

"Hiyo ni adui. Ni haragwe."

"Haragwe hili ni jeupe. Maharagwe mengine ni mekundu."

Wakiwa kwenye mabishano hayo, kuku wa Nyamoita waliingia wakala platuni ya pili yote. Sajini Werema akasema, "Mnaona? Hata hapa hawakukaa." Wazee walicheka. Marehemu hakucheka. Alikunja ngozi yake.

Alijaribu tena kwa askari wa mti, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Hao nao walishindwa, kwa sababu askari wa urefu huo anataka kilima cha urefu wa nyumba. Juu ya meza kilima kilikuwa kama kichuguu tu. Hapo ndipo alipoamua kwamba askari wawe wadogo kabisa, ili nchi iwe kubwa, mto uwe mto na kilima kiwe kilima. Alikwenda Tabaka akachonga kalibu ya jiwe la sabuni kama baba yake alivyomfundisha. Wavuvi wa kutoka Remba walimpa risasi zilizochakaa, zile za kuzamishia nyavu, akaziyeyusha. Kila alipomimina walitoka askari watano kwenye kipande kimoja, wamepanga mstari, kila mmoja si mrefu kuliko punje ya mahindi. Alihitaji mia tatu na sitini.

Mwanzoni alikosea. Alimpaka kila mtu peke yake, kwa unywele mmoja wa mkia wa ndama, akamwekea macho, vifungo na mkanda. Sajini Werema alipata hata masharubu yake. Nyamoita alimwangalia siku tatu akamwuliza, "Baba Kemuma, unampaka kope mtu ambaye hata uso hatuuoni?" Wiki nzima ilimpa askari kumi na wawili. Alipowapanga mezani akawaita wazee, walisimama wakakodoa macho.

"Machuki, hawa ni askari au ni siafu?"

"Ni siafu," akasema Sajini. "Tena wamelowa."

Aliumia. Siku iliyofuata alikuwa na kazi Masara, na alipokuwa anakipigilia kibao alijiona mjinga. Maisha yake yote alikuwa amepaka ili mtu aone kutoka mbali, na sasa alikuwa amepaka ili yeye peke yake aone kutoka karibu. Rangi halisi ya khaki kwenye kitu kidogo namna ile huonekana nyeusi. Macho na vifungo humezana vikawa matope.

Alirudi akawatumbukiza wale kumi na wawili kwenye tapentaini, rangi yote ikatoka. Akaanza upya, na tangu siku hiyo hakubadilisha njia. Alibandika vipande kumi na viwili juu ya rula moja ya mti, askari sitini, ili ashike mti asimshike mtu. Kwanza aliwapaka wote rangi nyeusi iliyolainishwa mpaka ikaingia kila kunjo. Ilipokauka hakuigusa tena, kwa maana weusi ule uliobaki kwenye makunjo ndio mikanda, ndio mifuko, ndio kivuli chini ya kofia. Halafu alichukua khaki aliyoichanganya na nyeupe mpaka ikawa hafifu kuliko khaki yoyote ya jeshi, akaifuta brashi kwenye kitambaa karibu iwe kavu, akaipitisha juu juu. Ilishika mabega, magoti na kofia tu. Alimaliza wote sitini kwa rangi moja kabla ya kufungua mkebe wa pili. Uso tone moja, rangi ya chai ya maziwa. Mkono tone moja. Bunduki mstari mmoja. Chini ya tumbo na katikati ya miguu hakupaka kitu, kwa sababu hakuna mzee angelala chini ya meza kutazama.

Mwisho ilikuwa ukingo wa kipande walichosimama juu yake: platuni ya kwanza nyekundu, ya tatu manjano, na ya pili nyeupe, nyeupe ya vibao vya Masara, ili mtu asije akasingizia macho yake. Kisha aliweka rula dirishani akarudi nyuma hatua tatu. Kama platuni ilisomeka kutoka pale, basi imekwisha. Kama haikusomeka aliongeza mwanga kwenye kofia, hakuongeza kitu kingine. Nyamoita akajifunza naye. Alipokuta mtoto anawapaka mmoja mmoja alimwambia maneno ya marehemu: "Usimpake mtu. Paka platuni."

Askari sitini walichukua alasiri tatu.

Mzee wa kanisa, Bichage, alikuja kumwona. "Ndugu Machuki, vitani ulikataa bunduki. Sasa unazichora mwenyewe?"

"Nilibeba waliozishika," akasema marehemu. "Bado nawabeba, mzee."

Mwezi wa Oktoba 1966 miguu yake ilianza kuvimba. Daktari wa Homa Bay alisema figo zimechoka, asitarajie miaka mingi. Zilikuwa zimebaki rula tatu na nchi yote ya mezani. Watu walimshauri apumzike. Alijibu kwamba atapumzika, lakini kazi kwanza. Hata hivyo Sabato hakuivunja. Ijumaa kabla jua halijazama Nyamoita alifunika mikebe, na hata wiki ambazo Jumamosi ndiyo siku pekee aliyoamka na nguvu, hakuigusa brashi. Mkono ulipoanza kutetemeka aliegemeza kifundo juu ya kipande cha sabuni, akaendelea. Rula ya mwisho ilikauka tarehe 3 Machi 1968.

Jumapili tarehe 21 Aprili 1968 wazee walikutana katika ukumbi wa shule moja hapa Migori, wakalaza milango miwili iliyong'olewa iwe meza. Matiko naye aliitwa, ingawa wengine walinung'unika. Marehemu hakufungua sanduku la askari. Alisema kwanza wakubaliane nchi. Asubuhi nzima wazee walijenga kwa udongo na nyasi, mto hapa, kivuko hapa, kilima cha platuni ya pili huku. Sajini mwenyewe ndiye aliyeweka mgongo wa ardhi wenye mianzi karibu na kivuko, akapima kwa hatua alizokumbuka, akasema ndipo alipojikwaa akavunja jino. Kila mmoja alikubali. Ndipo sanduku likafunguliwa.

Walicheza kwa dadu na uzi mpaka alasiri. Ilipofika saa ya kivuko, marehemu, akiwa ameketi kwa sababu ya miguu, akasema, "Sajini, tafadhali inama. Weka jicho lako pale uliposimama."

Sajini Werema aliinama, magoti yakalia.

"Unaona nini?"

"Mianzi. Na ule mgongo."

"Nyeupe unaziona?"

Sajini alisogeza kichwa. "Labda macho yangu ni ya uzee."

"Nyekundu kule ng'ambo, mbali zaidi, unaziona?"

"Naziona."

"Basi macho ni mazima."

Hakuna aliyecheka. Sajini, bado ameinama, akasema kwa sauti ndogo, "Sikuona. Nilisikia bunduki za kilimani zimenyamaza, nikajua wameondoka."

"Zilinyamaza kwa sababu wanne nilikuwa nimewabeba," marehemu akasema, "na waliobaki walikuwa wamelala pale pale walipowekwa. Ryoba alikuwa wa mbele. Nilimfunika uso kwa kofia yake. Nilikuambia."

"Uliniambia."

Wazee walitaka yaishie hapo, wapeane mikono. Matiko alisimama akasema, "Sajini, mimi hukunisema mbele ya wazee wanane. Ulinisema matangani, mbele ya watu. Nataka niambiwe mbele ya watu."

Sajini alikubali. Lakini kukubali na kufanya havikukutana. Alisema siku ya soko, soko likapita. Alisema baada ya mvua. Marehemu alituma ujumbe kwake mara mbili mwezi wa Juni, akiwa tayari hawezi kutembea.

Tarehe 2 Julai alilazwa Homa Bay. Sajini Werema alifika kando ya kitanda tarehe 9. Marehemu hakumlaumu. Alimwuliza, "Ulimsema Ryoba matangani. Unataka matanga ya nani ndiyo umsafishe?" Sajini akalia. Basi marehemu akapanga mwenyewe namna itakavyokuwa, akamwambia Nyamoita na wanawe wote wakisikia. Alikata roho Alhamisi tarehe 11 Julai 1968, saa kumi na moja alfajiri, mkewe amemshika mkono.

Marehemu ameacha mjane, Priscilla Nyamoita, watoto watano, Kemuma, Mogaka, Pauline, Nyanchama na Okemwa, wakwe wawili, wajukuu wanne, na dada yake mmoja aliyeko Tabaka. Tunawashukuru wauguzi waliomtunza, washiriki wa kanisa waliokesha nasi, wavuvi wa Homa Bay na wachimbaji wa Masara waliofika kwa miguu.

Agizo lake ni hili, na familia imelipitisha. Jeneza litakaa juu ya kaburi na halitashushwa mpaka Sajini Werema Masese asimame kando yake amwambie Matiko na wanawe, kwa Kikuria na kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe, ni nini alichoona na ni nini ambacho hakukiona. Matiko ameketi mstari wa mbele. Wanaoshika kamba wameambiwa wasubiri, hata kama itachukua mchana wote.

Sajini, nafasi ni yako. Ukimaliza, kamba zitalegezwa, na Simeon Machuki Okemwa apumzike kwa amani.