Bibi Salamu na Swali la Pili

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Punguzeni moto jikoni, chai isije ikafurika, msogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka muuguzi mmoja wa zahanati ndogo yenye paa la bati na mlango wa kijani. Jina lake la kwenye cheti wengi hawakulijua. Walimwita Bibi Salamu.

Bibi Salamu ametutoka wiki iliyopita. Ametutoka akiwa nyumbani kwake, usingizini, mtu mzima aliyekula chumvi nyingi.

Kwa nini Bibi Salamu? Kwa sababu ukiingia chumbani kwake hukuulizwa unaumwa nini. Ulisalimiwa kwanza, tena si salamu ya juu juu. Habari za nyumbani? Za watoto? Yule mkubwa amepata kazi? Na mama mkwe, magoti yake vipi? Huko nje watu wa foleni walisonya. "Huyu bibi analipwa mshahara wa kupiga soga!"

Lakini haikuwa soga, wasikilizaji wapendwa. Haikuwa soga hata kidogo.

Turudi nyuma, wakati mumewe yu hai na binti yao bado anasoma. Mdogo wa mumewe, yaani shemeji yake, alikuwa seremala. Na domo! Ukimwuliza habari, alikupa zake, za jirani, na za mbuzi wa jirani. Kila mwaka aliahidi kuziba paa la jiko la Bibi Salamu lililokuwa likivuja. Kila mwaka mvua ilimkuta hajaziba, na Bibi alimsema mpaka majirani wakamhurumia.

Basi shemeji akaugua nimonia, homa ya mapafu. Akalazwa, akatibiwa, akaruhusiwa. Nyumbani ikawa shangwe. Wakamtandikia sebuleni, blanketi juu ya blanketi, madirisha wakayafunga asipigwe na baridi. Vidonge vya kumalizia vikawekwa juu ya kabati, na kila mmoja akadhani mwenzake ndiye anayempa.

Wageni wakaja. Kila aliyemwuliza hali alijibiwa, "Nzuri."

Bibi Salamu akamtania kama ilivyo kawaida yao. "Shemeji, huko hospitali wamekung'oa ulimi, au wamekufundisha adabu?"

"Nzuri," akasema shemeji.

Sebule nzima ikacheka. Wakasema, kumbe ugonjwa nao una faida.

Asubuhi yake midomo ya shemeji ilikuwa ya kijivu. Alirudishwa hospitali akiwa amelazwa juu ya mlango wa kabati alioutengeneza mwenyewe. Aliponea chupuchupu. Daktari wa wodi akawaeleza kwamba pumzi ilikuwa haimtoshi. Neno moja ndilo alilolimudu.

Binti yake Bibi Salamu anaikumbuka siku hiyo. "Mama hakulia," anasema. "Alikaa jikoni anachambua mchele niliomaliza kuuchambua mimi. Akaniambia, 'Mtu alikuwa anazama mbele yetu, mwanangu, na sisi tunacheka.'"

Tangu hapo, mtu akitoka hospitali kwa nimonia, Bibi Salamu hakumwachia jibu moja. Alimkalisha kwenye kiti cha peke yake, karibu na dirisha. Kiti chenyewe kilikuwa kazi ya shemeji. Alimsalimia mpaka mwisho wa salamu, huku akisikiliza pumzi inakatikia wapi. Anaimaliza sentensi? Anasimama katikati? Hapo ndipo yalipokuja mengine. Vidonge umemaliza? Homa imerudi? Unakula? Jana umetembea mpaka wapi?

Akaja tabibu mpya, kijana mchapakazi. Siku moja akachungulia mlangoni. "Bibi, foleni imefika barabarani. Tupunguze maneno."

"Ingia, mwanangu. Msalimie huyu mama, halafu niambie nipunguze lipi."

Kwenye kiti alikuwa mama muuza mitumba, katoka hospitali juzijuzi. Alikuja kwa miguu yake, kajifunga kanga mpya, anatabasamu.

"Mama, habari za biashara?"

"Nzuri... daktari."

"Na watoto?"

"Wa... zima."

Tabibu hakuuliza la tatu. Alivuta kigoda, akamwekea kipimo kifuani, akasikiliza mgongo, upande huu na upande ule. Kisha akaita gari. Mama huyo leo bado anauza mitumba, na ukibishana naye bei utashindwa wewe.

Yule tabibu hakuishia hapo. Aliifuata hospitali, akaomba wodi iwe inapiga simu zahanati kila inapomruhusu mgonjwa wa nimonia wa eneo lao. Mgonjwa asipofika zahanati, anafuatwa kwake. Bibi Salamu alipenda kusema, "Mimi nilikuwa na masikio. Yeye alikuwa na simu. Peke yangu ningewasikia wangapi?"

Mwaka juzi, wasikilizaji wapendwa, nimonia ilimkamata Bibi Salamu mwenyewe. Akalazwa. Akaruhusiwa. Wodi ikapiga simu, na zahanati ikapanga kumwona kesho yake. Wageni wakajaa sebuleni.

"Bibi, habari?"

"Nzuri."

Wakaridhika. Wakasema amechoka, mzee huyu, tumwache apumzike. Wakaanza kutafuta viatu vyao.

Shemeji hakuinuka. Kichwa chake kilikuwa cheupe kwa mvi, na lile paa la jiko alikuwa bado hajaliziba. Akamsogelea. "Shemeji. Na jiko je, bado linavuja?"

Chumba kikangoja tusi lake. Bibi Salamu akafungua mdomo, akaufunga. Akainua kiganja tu.

"Leteni gari," akasema shemeji. "Huyu hawezi kuniachia hivihivi."

Gari likaja. Alitibiwa tena, akapona, safari hii kweli. Akapata muda wa kumwona kitukuu wake akitambaa sakafuni.

Tulimtembelea shemeji juzi. Alituambia, "Aliporudi, nilimwuliza tena habari za jiko. Alinisema, mwanangu, alinisema mpaka chai yangu ikapoa. Sijawahi kufurahia chai ya baridi namna ile. Kesho yake nikapanda juu, nikaliziba."

Kwa binti yake, kwa shemeji, kwa wajukuu na kitukuu, na kwa wenzake wa mlango wa kijani: poleni sana. Mungu ampumzishe pema.

Nawe unayetusikiliza, huenda kwenu yupo aliyetoka hospitali wiki hii. Ameruhusiwa, ndiyo. Kupona bado anaendelea kupona. Mpigie simu. Atakuambia nzuri. Usikate. Muulize la pili, halafu nyamaza, umsikilize anavyovuta pumzi ya kukujibu.