Nani Anaziambia Ziachie

Benchi la Gundi limeegemea ukuta wa duka la simu, kati ya birika la kahawa na kibao alichokiandika mwenyewe: LETA MAPEMA, KABLA SOLI HAIJAACHIA YOTE. Hapo fundi viatu huyu hushona huku akisikiliza, na asubuhi hiyo alikuwa anasikiliza zaidi kuliko kushona. Mdogo wake wa kike alikuwa na uvimbe wa saratani shingoni. Barua ya kumwita akafanyiwe upasuaji ilikuwa na wiki mbili ndani ya sanduku la zana, chini ya soli, na mgonjwa mwenyewe alikuwa hajaambiwa. Gundi aliogopa kisu, akataka kwanza kusikia wenzake wanasemaje.

— Rudia alivyosema daktari, alidai Antena, fundi redio. Neno kwa neno.

— Alisema seli za uvimbe zimeshikana. Lakini zinaweza kupata ujumbe wa kemikali humo humo mwilini, zikaachiana, zikatembea mpaka pengine. Zake bado hazijatembea.

— Amejuaje? aliuliza Mstaafu, mzee aliyelinda ghala miaka thelathini na bado anahesabu kila anayepita. Mimi mtu akiniambia mzigo bado haujaibwa, namkagua yeye kwanza.

— Halafu ujumbe lazima uwe na mtumaji, alisema Antena. Kemikali ni jina la kutufunga macho. Hayo ni mawimbi. Ule mnara wa simu wa hapa mtaani ulijengwa lini?

— Una miaka kumi, alijibu Gundi.

— Basi walikuwa wanaujaribu.

Mstaafu alisogeza kikombe, akateremsha sauti.

— Nyie bado wachanga. Hao madaktari wana dawa ya kushikanisha seli, sivyo? Mwenye dawa ya kushikanisha hakosi ya kuachisha. Wakipasua wanapulizia kidogo, zinatawanyika, mgonjwa anarudi. Wanapasua tena, wanalipwa tena.

— Hata mimi soli naibandua kwa kisu, alisema Gundi taratibu. Kisu na thina, ile dawa ya kulainisha gundi.

— Si umeona mwenyewe?

Kopo la thina Gundi alikuwa akiliweka nyumbani, nyuma ya mlango wa chumba anacholala mdogo wake. Tangu siku ya daktari alikuwa akijishuku kwamba ujumbe ulitoka kwenye kopo lile, na moyo wake ulikuwa unamtafuta mtu mwingine wa kubeba lawama. Mnara ungemfaa. Hospitali ingemfaa zaidi.

Mdogo wake akatokea kwenye kona, mtandio umezungushwa shingoni.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Natoka hospitali, kaka. Wanasema barua walikupa wewe.

— Tulikuwa tunachunguza kwanza, mama, alisema Gundi bila kuinua uso. Hatujajua nani anaziambia hizo seli ziachie.

Mdogo wake aliwatazama wote watatu, mmoja mmoja. Kisha akainama, akafuta vumbi kwenye kibao kwa kiganja.

— Na hiki kibao chako, kaka, kinahusu viatu tu?

Antena akainamia kikombe kilichokwisha kahawa. Mstaafu akaacha kuhesabu wapita njia. Gundi alifungua sanduku, akaondoa soli moja baada ya nyingine, mpaka barua ikaonekana. Ilikuwa imenaswa na gundi upande mmoja, naye akaanza kuibandua polepole, isichanike.