Mama Utando, Aliyekataa Kuitika

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya kumbukumbu za kielektroniki, Mama Utando anastaafu.

Kazi yake ni kupaka. Hudondosha kimiminika cha polima, yaani plastiki iliyoyeyushwa, juu ya kioo, mashine ikakizungusha kwa kasi mpaka libaki tabaka jembamba kuliko utando wa buibui. Jina lake lilitoka hapo. Baadaye alitufundisha kupaka vioo vikubwa kwa ubapa wa kisu, kwa mvuto mmoja wa mkono. Utando ukikauka, huhifadhi sauti hata umeme ukikatika. Kwa vumbi hana mzaha: aliwahi kumrudisha mlangoni mkurugenzi aliyepiga chafya.

Vimiminika vyake vilichanganywa na kaka yake, chumba cha pili. Kaka alipofariki, ilibaki chupa moja ya mkono wake. Baada ya mazishi Mama Utando alipaka kioo kimoja kutoka chupa ile, akakiweka kwenye mashine ya kusomea kabla hakijarekodiwa chochote. Kioo kitupu hunyamaza. Hiki kilipumua.

Mhandisi wetu alisema ni uchafu. Tukapima tena, asubuhi kweupe, madirisha wazi. Kadiri utando ulivyokauka, pumzi ilisogea karibu. Siku ya pili tukasikia kikohozi tulichokijua sote. Siku ya tatu, silabi moja. Mama Utando alituambia ni mwanzo wa jina lake la utotoni. Hapa kazini alilijua marehemu peke yake.

Mhandisi alitaka tusubiri kesho, jina likamilike. Dunia nzima ingetujua. Mama Utando akavaa glavu.

“Kaka hajawahi kuniita nikakaa kimya,” alisema. “Akilimaliza nitaitika, nimfuate. Nami bado nina watoto wa kulea.”

Akamimina kiyeyushi juu ya kioo, akafuta kwa pamba polepole, kama anayemfuta mgonjwa jasho. Spika ilitoa pumzi ndefu, ikanyamaza. Chupa nayo akaimwaga kwenye pipa la taka. Alilia hadi mchana, kisha akarudi kupaka.

Watoto wale sasa wana watoto wao. Kila kioo kipya yeye hukitegea sikio kwanza. Zamani tulimcheka, siku hizi nasi tunatega.

Asante, dada yetu, kwa mikono yako na subira yako. Pumzika vyema, na kila atakayekuita huko nyumbani awe mzima, umwitikie kwa sauti kubwa.